Kukimbia kwa Ajili ya Wengine: Mwongozo wa Kujiandaa na Mbio Ndefu za Hisani Ukiwa Mwanza

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Mwanza, Ilemela, Magu, Misungwi, Sengerema au mji mwingine wowote wa mwambao wa Ziwa Victoria ambaye amewahi kuwaona watu wakipita mbio alfajiri, wamevaa fulana za rangi moja, akatamani kujiunga nao. Tena ana jambo moyoni ambalo angependa kulichangia: mtoto wa jirani anayesubiri upasuaji, wodi yenye magodoro yaliyochakaa, shule yenye upungufu wa matundu ya vyoo. Nimekimbia mbio za aina hii kwa miaka kadhaa, nimekuwa mweka hazina wa kikundi chetu cha jogingi kwa misimu mitatu, na ninaamini kwamba kilomita ndizo sehemu nyepesi ya kazi hii. Sehemu nzito ni kutimiza ahadi mbili kwa pamoja, ile uliyoupa mwili wako na ile uliyowapa watu waliokukabidhi fedha zao, na ndiyo sababu hatua zilizo hapa hazianzi na viatu.

Desturi ya kuunganisha mbio na hisani si ngeni kwetu. Majirani zetu wa mgodi wa dhahabu wa Geita wamekuwa wakiendesha tangu mwaka 2002 zoezi la kuupanda Mlima Kilimanjaro, wengine kwa miguu na wengine kwa baiskeli, ili kukusanya fedha za mapambano dhidi ya VVU na UKIMWI kwa kushirikiana na tume ya taifa inayoshughulikia ugonjwa huo. Benki ya CRDB ilianzisha marathoni yake mwaka 2020, na miongoni mwa waliochangiwa ni watoto wanaohitaji upasuaji wa moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Na kwa upande wa miguu, atakayesema kwamba watu wa ziwani si wakimbiaji akumbushwe habari za Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, mkoani Mara, aliyetwaa medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, kisha akashinda Marathoni ya Berlin mwaka 1987 na tena mwaka 1988.

Hatua ya kwanza: Uliza kabla ya kuahidi

Wengi wetu huanza na mbio, kisha hutafuta jambo la kuzipachika. Kikundi chetu kilianza hivyo hivyo. Msimu wa kwanza tulikimbia kilomita 21, tukakusanya fedha, tukanunua viti mwendo viwili kwa ajili ya shule moja ya msingi ya wilaya jirani iliyokuwa na wanafunzi wenye ulemavu wa miguu. Viti vilikuwa vipya na vinang'aa, na magurudumu yake ya mbele yalikuwa madogo kama kisahani cha chai. Tulipovishusha garini mtoto wa kwanza aliketi, rafiki yake akamsukuma, na kabla hawajamaliza hatua tano magurudumu yale ya mbele yalikuwa yamezama katika mchanga wa uwanja wa shule. Mwalimu alitushukuru kwa adabu. Tuliporudi baada ya miezi miwili tulivikuta ofisini, kimoja kimepangwa madaftari hadi juu. Walichokuwa wakikihitaji ni njia ya zege kutoka darasani hadi chooni, na fedha zetu zingetosha kuijenga. Hakuna aliyetuficha jambo hilo. Ni sisi ambao hatukuuliza.

Kwa hiyo, kabla hujamwambia mtu yeyote kwamba utakimbia, nenda ukazungumze na wenye uhitaji. Katika kituo cha afya mtafute mganga mfawidhi. Katika hospitali kubwa, ofisi ya ustawi wa jamii ndiyo inayowafahamu wagonjwa walioshindwa kulipia matibabu. Shuleni zungumza na mwalimu mkuu pamoja na kamati ya shule. Na kwa jambo la mtaa pita kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata. Waulize ni kitu gani hasa kinachohitajika, nani atakitunza kikishafika, na bei yake ni kiasi gani leo, kisha uombe majibu hayo kwa barua yenye saini na mhuri. Barua hiyo itakusaidia kuliko maneno yoyote utakapoanza kuchangisha, kwa sababu mtu anayeombwa fedha ana haki ya kujua kwamba anayeomba ametumwa.

Chagua kitu kimoja kinachohesabika. “Kusaidia hospitali” ni maneno yasiyo na mwisho, lakini magodoro kumi ya wodi ya watoto yanaweza kuhesabiwa na kila aliyechangia.

Hatua ya pili: Chagua umbali unaolingana na mwili wako na muda ulionao

Mbio za hadhara nchini kwetu kwa kawaida huwa na kilomita 5, kilomita 10, nusu marathoni ya kilomita 21.1 na marathoni kamili ya kilomita 42.195. Kwa mtu ambaye hajawahi kukimbia, kilomita 10 zinahitaji maandalizi ya miezi miwili hadi mitatu, na nusu marathoni inahitaji angalau wiki 16. Marathoni kamili ningemshauri mtu aiache hadi atakapokuwa amekimbia kwa mwaka mzima bila kuumia. Wachangiaji hawatatoa mara mbili zaidi kwa sababu umekimbia mara mbili zaidi, lakini goti lako litadai deni lake lote.

Jiji letu lina mbio zake, Rock City Marathon, zilizoanza mwaka 2009, na mtu akitaka kusafiri kuna Kilimanjaro Marathon ya mjini Moshi ambayo hufanyika karibu na mwisho wa Februari. Hakikisha tarehe kwa waandaaji wenyewe kabla hujaitangaza kwa mtu yeyote. Anayekwenda kukimbia Dar es Salaam ajue kwamba sisi tunaishi zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, katika hewa yenye ubaridi wa asubuhi, na kwamba joto la pwani lenye unyevu litampunguzia kasi hata kama amejiandaa vizuri. Apange mwendo wa polepole zaidi kuliko anaouzoea hapa.

Changamoto si lazima iwe ya miguu. Usukumani baiskeli ni chombo cha kila nyumba, na safari ya siku moja kutoka Mwanza hadi Magu na kurudi inaweza kumfaa mtu mwenye maumivu ya magoti. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita 3 na lililozinduliwa Juni 2025, limewapa watu wengi wazo la matembezi ya hisani kuelekea Sengerema. Wazo hilo ni zuri, ila daraja ni barabara kuu yenye magari, na kikundi hakipaswi kuingia humo bila kibali cha wanaolisimamia na usindikizaji wa askari wa usalama barabarani.

Kuhusu kuogelea ziwani nitasema wazi: simshauri mtu anayeanza kuifanya kuwa changamoto yake ya hisani. Kichocho huingia kupitia ngozi katika maji ya kina kifupi yenye majani na konokono, mamba na viboko wapo katika sehemu nyingi za mwambao, nyavu hutegwa mahali usipoziona, na ziwa huweza kuchafuka ndani ya muda mfupi. Anayetaka changamoto ya majini ajiunge na timu ya kupiga makasia yenye jaketi okozi kwa kila mtu na mtumbwi wa injini wa kusindikiza, asikilize utabiri wa hali ya hewa wa ziwa, na miezi miwili baadaye akapime kichocho, ambacho hutibika kwa dawa ya praziquantel.

Hatua ya tatu: Pima afya

Pima shinikizo la damu na sukari, na umweleze daktari kama umewahi kuhisi maumivu ya kifua, mapigo ya moyo kwenda ovyo au kizunguzungu unapofanya kazi nzito, au kama kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa bado kijana. Mtu aliyevuka miaka 40 na ambaye hakuwa akifanya mazoezi asiiruke hatua hii.

Kuna kipimo kimoja ambacho watu wa kwetu wanapaswa kukizingatia zaidi ya wengine. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yenye watu wengi waliorithi selimundu, ambayo wengi tunaiita sikoseli. Mwenye ugonjwa wenyewe hapaswi kuingia katika mbio ndefu bila mwongozo wa daktari wake. Lakini wapo wengi zaidi waliorithi kinasaba kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambao hawaumwi na pengine hawajui kabisa kwamba wanacho. Hao wanaweza kukimbia, tena vizuri, ila misuli yao ina hatari kubwa zaidi ya kuharibika wanapojilazimisha ghafla katika joto huku wakiwa na upungufu wa maji. Akishajijua, mtu wa namna hiyo ataongeza mazoezi taratibu kuliko wenzake, atakunywa maji mapema, na atasimama mara moja misuli inapoishiwa nguvu bila sababu ya wazi.

Malaria nayo ni ya kwetu. Ukiwa na homa usikimbie hata kilomita moja, nenda ukapime; na ukimaliza dawa jipe angalau wiki moja ya kutembea tu kabla ya kurudi kwenye mbio.

Hatua ya nne: Vaa kinachokufaa

Raba ndizo kifaa pekee kinachostahili fedha nyingi. Katika mitumba ya Mlango Mmoja hupatikana raba nzuri za kukimbilia kwa bei ya kawaida, mradi ujue kuzichagua. Shika kiatu kwa mikono miwili na ukikunje: kinapaswa kupinda kwenye vidole na si katikati ya unyayo. Kiweke mezani ukitazame kwa nyuma, na kama kisigino kimelalia upande mmoja kirudishe, kwa sababu kimeshachukua mwendo wa mwenye nacho wa kwanza. Bonyeza soli ya ndani kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, haina tena uwezo wa kupokea kishindo. Mwisho, kijaribu jioni wakati miguu imevimba kidogo, na uache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu zaidi, la sivyo kucha zitakuwa nyeusi kabla ya kilomita ya 15.

Mengine ni madogo: soksi zisizo na mshono unaokwaruza, fulana nyepesi isiyo ya pamba nzito, kofia, na mafuta mgando ya kupaka mapajani, kwapani na kwenye chuchu ili kuzuia michubuko. Dada zangu watahitaji sidiria ya michezo inayobana vizuri, na anayejisitiri kwa hijabu anaweza kutumia kitambaa chepesi kinachopitisha hewa na suruali pana bila kupoteza chochote katika mwendo.

Hatua ya tano: Fanya mazoezi kwa wiki 16

Mtu anayeanza mwezi Juni ana bahati, kwa kuwa kiangazi chetu huendelea hadi Septemba na barabara za udongo hupitika. Anayeanza wakati wa vuli au masika atalazimika kubaki kwenye lami na kuwa tayari kuahirisha siku za radi.

Fanya mazoezi siku tatu kwa wiki, na kati ya siku moja na nyingine weka angalau siku moja ya mapumziko. Siku ya mbio ndefu iwe Jumamosi au Jumapili, kulingana na siku yako ya ibada. Katika wiki nne za kwanza usihesabu kilomita, hesabu dakika: nusu saa kila mara, ukikimbia dakika moja na kutembea dakika mbili, na kila wiki ukiongeza muda wa kukimbia hadi wiki ya nne utakapokuwa ukikimbia dakika nne na kutembea moja. Kuanzia wiki ya tano siku ya mbio ndefu ihesabiwe kwa kilomita: 6, 7, 8, kisha urudi 6 ili mwili upumue. Wiki ya tisa hadi ya kumi na mbili iwe 10, 11, 13, kisha 9. Wiki ya kumi na tatu kimbia 15, inayofuata 17, halafu 10, na ya kumi na sita ni ya mbio zenyewe. Siku mbili nyingine za wiki zibaki kati ya kilomita 4 na 8. Usiongeze zaidi ya kilomita 2 juu ya umbali mrefu uliowahi kuumaliza, hata siku ambayo miguu inakuambia kwamba inaweza.

Mwendo sahihi wa mazoezi ni ule unaokuwezesha kuzungumza sentensi nzima bila kukata pumzi. Mimi hutumia salamu. Nikikutana na mama mzee anayewahi sokoni na beseni lake la dagaa kichwani, namwamkia “Mwangaluka”, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, naye huniuliza habari za nyumbani. Nikiweza kumjibu yote huku nikiendelea na mwendo, najua sijajilazimisha. Kosa la karibu kila anayeanza ni kukimbia kwa kasi siku zote, akachoka kifua wiki ya tatu na kuumia shavu la mguu wiki ya tano, kisha akaamini kwamba mbio si zake.

Kwa upande wa njia za kupita, mbio ndefu zinafaa kwenye barabara ya Makongoro kutokea Kirumba, kupitia Pasiansi, kuelekea uwanja wa ndege, kwa kuwa ina miinuko michache. Capri Point inafaa siku za mbio fupi zenye vilima. Barabara yake hupanda na kushuka kati ya miamba, na ukifika juu ziwa lote lipo mbele yako. Mlima wa Bugando uachie wiki ya kumi na kuendelea, uupande kwa kutembea haraka, kwa sababu mpando ule hujenga mapaja lakini humwadhibu asiyejiandaa. Barabara za Kenyatta na Nyerere zina malori na daladala nyingi, na kuzitumia baada ya saa moja asubuhi ni kujitafutia ajali.

Mwanza iko magharibi, na jua letu huchomoza takribani kati ya saa 12:30 na saa 1:00 asubuhi kutegemea majira, ambapo mwenzako wa Dar es Salaam ameshaliona zamani. Anayetoka saa 11:30 atakuwa gizani kwa muda wa saa nzima. Avae nguo nyeupe au ya kung'aa, akimbie upande wa kulia wa barabara ili ayaone magari yanayomjia, na asizibe masikio yote mawili kwa muziki, maana bodaboda nyingine hupita bila taa. Kikundi ni ulinzi, hasa kwa wanawake. Na ukikimbia kando ya maji utakutana siku fulani na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoruka kwa makundi yanayofanana na moshi. Funga mdomo, inamisha kofia, upite polepole hadi watakapokwisha.

Hatua ya sita: Kula na kunywa kwa akili

Chakula cha mkimbiaji kipo sokoni kwetu. Wali, ugali, ndizi na viazi vitamu hutoa nguvu ya mbio. Sato, dagaa, maharage na mayai hurekebisha misuli baada ya mazoezi. Michembe iliyochemshwa, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, ile ambayo bibi zetu waliita matobolwa, ninaithamini kuliko biskuti yoyote inayouzwa kwa wakimbiaji: vipande vitano katika mfuko mdogo vimenifikisha mbali mara nyingi, havimwagiki, haviyeyuki kwa joto, na tumbo linavijua tangu utotoni.

Kunywa unapohisi kiu, kwa funda ndogo. Katika mbio zinazozidi saa moja na nusu, maji matupu hayatoshi, kwa sababu jasho huondoka na chumvi. Na mtu anayekunywa maji mengi kupita kiasi bila chumvi anaweza kuugua vibaya, akapata kichefuchefu na kuchanganyikiwa, kwa kuwa chumvi ya damu yake imeshuka. Kinywaji cha nyumbani ni rahisi: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kamulia ndimu ikikupendeza.

Jambo la kuogopa ni vidonge vya maumivu. Wapo wanaomeza diklofenaki kabla ya mbio ili goti lisiwasumbue; dawa za kundi hilo pamoja na upungufu wa maji huumiza figo. Ukiona mkojo wako baada ya mbio una rangi ya chai ya rangi iliyokolea, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya saba: Changisha kwa njia ambayo kila mtu anaweza kuikagua

Anza wiki ya sita, ukiwa umeshajua kwamba mazoezi yanakwenda. Kwanza piga hesabu. Tuseme kituo cha afya kinahitaji magodoro kumi, na godoro moja lenye kava linalofutika ni shilingi 120,000. Jumla ni shilingi 1,200,000. Mchangiaji akiahidi shilingi 500 kwa kila kilomita, kwa kilomita 21 atatoa shilingi 10,500. Wakimbiaji sita, kila mmoja akiwa na wachangiaji 20, watapata shilingi 1,260,000, na zile 60,000 zinazobaki zitalipia usafiri wa magodoro. Hesabu ya namna hii hukuonyesha mapema kwamba peke yako ungehitaji zaidi ya watu 110, na kwamba ni afadhali kutafuta wenzako watano.

Fedha zisipite katika simu yako binafsi unayonunulia vocha na mboga. Chagueni watu watatu, mmoja wao awe mtu ambaye hakimbii na anaheshimika, kama mzee wa kanisa, mjumbe wa kamati ya msikiti au mwalimu mstaafu. Fungueni akaunti ya kikundi inayohitaji saini za watu wawili, au lipa namba yenye jina la kikundi ili mchangiaji alione jina hilo kabla ya kubonyeza kukubali. Kila Ijumaa mweka hazina aweke kwenye kundi la WhatsApp orodha ya kilichoingia, na anayetaka jina lake lisitajwe aandikwe “mchangiaji”. Nauli, raba, fulana na ada ya usajili wa mbio vitoke mifukoni mwa wakimbiaji. Wapo wanaosema ni haki kuvikata humo humo. Mimi sikubali, kwa sababu aliyetoa shilingi elfu tano kwa ajili ya godoro la mtoto hakutoa kwa ajili ya fulana yangu.

Omba mtu mmoja mmoja, kwa jina na kwa kiasi. Ujumbe wa jumla uliotumwa kwa watu 300 husomwa na wote na kujibiwa na wachache. Huu ni mfano wa ujumbe ambao dada mmoja wa kikundi chetu alimtumia mama yake mdogo, na tangu hapo tumeuiga:

“Shikamoo mama mdogo. Natumaini nyumba nzima hamjambo. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi nitakimbia kilomita 21 ili tununue magodoro kumi ya wodi ya watoto ya kituo chetu cha afya. Barua ya mganga mfawidhi nimeiambatanisha. Naomba unishike mkono kwa shilingi 500 kwa kila kilomita nitakayoimaliza, yaani 10,500 nikifika mwisho. Usipoweza kiasi hicho, chochote utakachojaliwa nitakipokea, na risiti ya magodoro nitakuonyesha mwenyewe.”

Ahadi ni deni, lakini deni lenye kusahaulika. Wakumbushe walioahidi siku mbili baada ya mbio, kwa heshima, ukiambatanisha picha yako ukiwa umemaliza; baada ya wiki mbili kumbusha mara moja tena, kisha uache. Kamwe usitangaze majina ya wasiolipa.

Na katika kuomba, usitumie picha ya mtoto mgonjwa ili kuwaliza watu. Mtoto huyo atakua, ataishi mtaa huo huo, na picha ile itabaki katika simu za majirani. Piga picha ya godoro lililochanika, linatosha kueleza.

Kama kikundi chenu kinataka kuandaa mbio zenu wenyewe badala ya kujiunga na zilizopo, anzeni mapema katika ofisi ya michezo ya halmashauri, yaani Jiji la Mwanza au Manispaa ya Ilemela, na mpeleke taarifa polisi. Hiyo ni kazi ya miezi mingi, na kwa msimu wa kwanza siishauri.

Hatua ya nane: Wiki ya mwisho na siku yenyewe

Wiki ya mwisho punguza mazoezi hadi mbio fupi mbili za nusu saa. Hutapata nguvu mpya siku hizo, na uchovu utakaoupata utaubeba hadi mstari wa kuanzia. Lala ndani ya chandarua, kunywa maji kama kawaida, kata kucha za miguu siku tatu kabla. Usivae wala kula kitu ambacho hujawahi kukijaribu.

Usiku wa kuamkia mbio panga kila kitu juu ya kiti: namba ya kifuani ikiwa imeshabanwa kwenye fulana kwa pini nne, soksi, raba, kofia, mfuko wa michembe, na namba ya simu ya ndugu yako iliyoandikwa nyuma ya ile namba ya kifuani kwa kalamu isiyofutika. Amka muda wa saa tatu kabla ya mbio kuanza, unywe uji au chai na mkate au kiazi kitamu, kisha uende chooni kabla foleni haijawa ndefu.

Baragumu likilia, watu watakupita. Waache. Kilomita 5 za kwanza zinapaswa kuonekana za polepole mno, kiasi cha kukutia aibu. Kati ya ya 6 na ya 15 shika mwendo wa mazoezi. Na baada ya hapo, kama mwili umekubali, ongeza kidogo kidogo. Kwenye meza za maji tembea hatua ishirini ukinywa, kisha uendelee. Misuli ikibana simama, uinyooshe taratibu, utembee. Lakini kifua kikiuma, ukihisi baridi huku jua linawaka, au macho yakianza kuona giza, toka barabarani na uite mtoa huduma ya kwanza. Ahadi ya shilingi 500 kwa kilomita inakubali kuishia kilomita ya 13, na katika misimu yangu mitatu ya kushika daftari, mwenzetu aliyeishia njiani kwa sababu ya afya alilipwa na wachangiaji wake karibu wote kana kwamba amemaliza.

Hatua ya tisa: Baada ya mstari wa mwisho

Usiketi mara moja. Tembea dakika kumi, kunywa, kula ndani ya saa moja, uvue soksi ukague malengelenge na usiyatoboe kwa pini uliyoitoa kwenye namba. Kwa wiki nzima tembea tu.

Ununuzi ufanyike ndani ya mwezi mmoja, na watu wawili waende dukani. Siku ya kukabidhi, andikeni hati ya makabidhiano inayotaja idadi, bei na hali ya vitu, isainiwe na pande zote mbili, na nakala yake pamoja na risiti ziende kwa kila mchangiaji, hata yule aliyetoa shilingi mia tano. Kisha weka katika kalenda siku ya kurudi baada ya miezi mitatu, uende bila kamera, umwombe muuguzi wa zamu akuonyeshe magodoro, uyahesabu, na umuulize kama kava zinafutika vizuri au zimeanza kupasuka kwenye mishono. Atakachokujibu kiandike katika ukurasa wa kwanza wa daftari la msimu unaofuata.